Msaada wa serikali kwenye bili ya stima: Upo wapi, na unaupata au unakupita?

Umewahi kununua tokeni ya shilingi 500, ukapata yuniti chache kuliko zile ulizopata mwezi uliopita kwa pesa ile ile? Na jirani yako, mwenye nyumba kama yako, akapata nyingi kukuliko? Wengi hufikiri ni mita mbovu, au ni kampuni inawaibia. Mara nyingine ni hitilafu kweli. Lakini mara nyingi jibu liko kwenye kitu ambacho wateja wengi hawajawahi kuelezwa: serikali ya Kenya ina njia yake ya kumsaidia mwenye kipato kidogo kulipa stima, na msaada huo huingia au hutoka kwenye mita yako bila wewe kupewa habari.

Hakuna fomu ya kujaza. Hakuna cheki inayotumwa. Hakuna chifu anayeandika majina. Msaada umefichwa ndani ya bei ya yuniti. Kwa hivyo unaweza kuwa unaupata na hujui, na unaweza kuupoteza kwa sababu ya birika la stima ulilonunua Krismasi.

Hebu tuufungue mfuko huu tuone kilichomo.

Makundi matatu ya wateja wa nyumbani

Bei ya stima nchini haipangwi na Kenya Power peke yake. Inaidhinishwa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Katika tarifa iliyoanza Aprili 2023, wateja wa nyumbani waligawanywa katika makundi matatu kulingana na yuniti wanazotumia kwa mwezi:

Kundi la kwanza: yuniti 0 hadi 30. Bei ya msingi ilianza kwa Sh12.22 kwa yuniti.

Kundi la pili: zaidi ya yuniti 30 hadi 100. Bei ya msingi ilianza kwa Sh16.30.

Kundi la tatu: zaidi ya yuniti 100. Bei ya msingi ilianza kwa Sh20.97.

EPRA huweza kurekebisha viwango hivi mara kwa mara, lakini mpangilio ni huo: anayetumia kidogo analipa kidogo kwa kila yuniti, anayetumia nyingi analipa zaidi. Kundi la kwanza ndilo lililowekwa kwa ajili ya wenye kipato cha chini. Hapa tutaliita tarifa nafuu.

Pesa za kupunguza bei hiyo zinatoka wapi? Sio lazima zitoke Hazina Kuu. Sehemu kubwa ya nafuu hii inabebwa na wateja wengine. Yule anayetumia yuniti 300 katika nyumba yenye hita ya maji na mashine ya kufua analipa zaidi, ili wewe unayewasha taa tatu na televisheni ulipe kidogo. Ni kama harambee isiyokuwa na kadi.

Mstari wa nafuu umehama mara nyingi

Kama unahisi kwamba zamani stima ilikuwa rahisi halafu ikapanda, halafu ikashuka, halafu ikapanda tena, hukosei. Kabla ya 2018, tarifa nafuu ilikuwa ya yuniti 50 za kwanza, na bei ya msingi ilikuwa Sh2.50 tu kwa yuniti. Lakini kulikuwa na ada ya kila mwezi ya Sh150 ambayo ulilipa hata kama hukuwasha taa. Katikati ya 2018 ada hiyo ikaondolewa, lakini tarifa nafuu ikashushwa hadi yuniti 10 pekee. Malalamiko yakawa mengi, na kufikia Novemba mwaka huo mstari ukapandishwa hadi yuniti 100, kwa bei ya msingi ya Sh10.

Januari 2022, serikali ya Rais Uhuru Kenyatta ilipunguza bei ya stima kwa asilimia 15 kufuatia mapendekezo ya jopo lililoongozwa na John Ngumi. Punguzo hilo halikudumu. Kisha Aprili 2023 mstari wa tarifa nafuu ukashushwa kutoka yuniti 100 hadi 30.

Hapo ndipo familia nyingi zilipotoka kwenye nafuu bila kubadilisha chochote nyumbani. Aliyekuwa akitumia yuniti 60 alikuwa ndani ya mstari mwezi mmoja, na mwezi uliofuata yuko nje. Taa ni zile zile, televisheni ni ile ile, lakini tokeni ya 500 ikaanza kuleta yuniti chache.

Yuniti moja inaweza kukugharimu zaidi ya mia

Wengi hudhani kwamba yuniti 30 za kwanza ni za bei nafuu kwa kila mtu, halafu ya 31 ndiyo inaanza kulipiwa bei ya juu. Sivyo. Ukishaingia kundi la pili, yuniti zako zote zinalipiwa kwa bei ya kundi la pili, kuanzia ile ya kwanza.

Tufanye hesabu kwa bei ya msingi peke yake. Yuniti 30 kwa Sh12.22 ni Sh366.60. Yuniti 31 kwa Sh16.30 ni Sh505.30. Tofauti ni Sh138.70, na wewe umeongeza yuniti moja tu. Hapo bado hatujaweka kodi.

Habari njema ni kwamba huhukumiwi kwa mwezi mmoja. Kundi lako linaamuliwa kwa kuangalia wastani wa miezi mitatu. Ukitumia yuniti 28, kisha 29, kisha 33, jumla ni 90, wastani ni 30. Bado uko salama. Lakini ukitumia 28, 29 na 36, jumla ni 93, wastani ni 31. Umevuka.

Kwa mita ya tokeni kuna jambo la ziada la kukumbuka. Hakuna mtu anayekuja kusoma mita yako kila mwezi, kwa hivyo kinachoonekana kwenye rekodi ni kile unachonunua. Mtu aliyepata pesa za mavuno au bonasi ya majani chai akanunua tokeni nyingi kwa mkupuo ili "asisumbuke", anaweza kuonekana kama mtumiaji mkubwa ilhali yuniti bado ziko kwenye mita hazijatumika. Kama kawaida yako ni yuniti 25 kwa mwezi, nunua 25. Pesa zilizobaki ziweke kwenye akiba yako ya simu, hazitaharibika.

Jinsi ya kujua uko kundi gani

Huhitaji kwenda ofisini. Jibu liko kwenye SMS ya tokeni. Fungua ile ya mwisho uliyopata uangalie mambo manne: Units, Amt, TknAmt na OtherCharges. Amt ni pesa zote ulizolipa. TknAmt ni pesa zilizoenda kwenye stima yenyewe. OtherCharges ni kodi na tozo nyingine.

Chukua TknAmt ugawe kwa Units. Kwa mfano, umelipa Sh500, ukapata yuniti 17.9, na TknAmt ni Sh291.77. Gawa 291.77 kwa 17.9, unapata 16.30. Wewe uko kundi la pili. Ukipata karibu 12, uko kwenye tarifa nafuu. Ukipata karibu 20, uko kundi la tatu.

Fanya hesabu hiyo kwa SMS za miezi mitatu iliyopita, kama hujazifuta. Ndiyo sababu tunawashauri wateja wetu wasifute jumbe za tokeni. Hizo ndizo risiti zako.

Zile Sh208.23 zilizobaki zilienda wapi? Ziligawanywa mahali pengi. Kuna gharama ya mafuta ya kuzalisha umeme, ambayo hutangazwa kila mwezi kwenye gazeti rasmi la serikali. Kuna marekebisho ya thamani ya shilingi dhidi ya sarafu za kigeni, kwa sababu mikopo na mikataba mingi ya umeme hulipwa kwa dola. Kuna tozo ya kusambaza umeme mashinani, asilimia 5. Kuna tozo ndogo za EPRA na za mamlaka ya maji. Halafu kuna VAT ya asilimia 16.

Kwa sababu gharama ya mafuta na ile ya sarafu hubadilika kila mwezi, unaweza kupata yuniti chache mwezi huu hata kama hujahama kundi. Kwa hivyo kabla ya kulalamika, angalia kwanza: je, kilichobadilika ni TknAmt ukigawa kwa Units, au ni OtherCharges? Kama ni ya kwanza, umehamishwa kundi. Kama ni ya pili, tozo za mwezi zimepanda, na zimepandia kila mtu.

Kuna sababu ya tatu: deni. Kama uliunganishiwa stima kwa mkopo, au kuna deni la zamani kwenye akaunti ya mita, sehemu ya pesa unazolipa hukatwa kulipia deni hilo kwanza. Hili huwapata sana watu wanaohamia nyumba ambayo mpangaji wa awali aliacha deni. Uliza kabla hujaingia.

Nini kinakaa ndani ya yuniti 30?

Yuniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Ukijua wati za kifaa chako, ambazo huandikwa nyuma au chini yake, unaweza kupiga hesabu mwenyewe. Huu hapa mfano wa nyumba ya kawaida:

Taa nne za LED za wati 9, saa 5 kila usiku: karibu yuniti 5.4 kwa mwezi.

Televisheni ya wati 50, saa 5 kwa siku: yuniti 7.5.

Kuchaji simu mbili kila siku: karibu yuniti 1.2.

Pasi ya wati 1,000, nusu saa mara mbili kwa wiki: yuniti 4.

Jumla ni yuniti 18.1. Nyumba hii iko ndani ya tarifa nafuu na ina nafasi ya kupumua. Sasa ongeza birika la stima la wati 2,000, dakika 6 asubuhi na dakika 6 jioni. Hilo peke yake ni yuniti 12 kwa mwezi. Jumla inakuwa 30.1. Umefika kwenye mstari kwa sababu ya chai.

Kitu chochote kinachotoa joto ndicho adui wa tarifa nafuu. Jiko la stima la wati 1,500 likiwashwa saa moja kwa siku linakula yuniti 45 kwa mwezi. Hita ya kuoga ya wati 5,000, kwa dakika 10, inakula karibu yuniti moja kila unapoingia bafuni. Na friji ndogo, ingawa hailii sana, haizimwi, hivyo inaweza kukumalizia zile yuniti 30 peke yake.

Hatusemi usioge maji moto wala usiwe na friji. Mwenye biashara ya maziwa anahitaji friji, na faida yake inaweza kulipia tofauti hiyo. Tunasema fanya hesabu kabla, ili uamuzi uwe wako. Kama unatumia yuniti 33 au 35, punguza kidogo tu urudi ndani. Kama unatumia 60, usijisumbue kuhesabu dakika za kuchaji simu. Hapo tarifa nafuu haikufikii, na mstari wa kuangalia ni ule wa yuniti 100, kwa sababu nao una mruko. Yuniti 100 kwa bei ya msingi ya Sh16.30 ni Sh1,630. Yuniti 101 kwa Sh20.97 ni Sh2,117.97.

Njia rahisi kwa anayetaka kubaki kundi la kwanza: jiwekee chini ya yuniti 7 kwa wiki. Andika namba iliyo kwenye mita kila Jumapili jioni. Wiki nne ni chini ya yuniti 28.

Ploti yenye mita moja: hapa ndipo msaada unapotea

Sasa tufike kwenye jambo linalowaumiza watu wengi zaidi, na ambalo halizungumzwi sana.

Tarifa nafuu hutolewa kwa mita, sio kwa mtu. Mita haijui wewe ni maskini au tajiri. Inajua yuniti tu. Kijana mwenye mshahara mzuri anayeishi peke yake na kutoka asubuhi hadi usiku anaweza kutumia yuniti 25 na kupata nafuu. Familia ya watu wanane inayotumia yuniti 35 haipati.

Na wapangaji wa ploti yenye mita moja ndio hupoteza kabisa. Chukua ploti ya nyumba sita, kila nyumba inatumia yuniti 20. Kila mmoja wao anastahili tarifa nafuu. Lakini kwa Kenya Power, hapo pana mteja mmoja tu, anayetumia yuniti 120. Huyo yuko kundi la tatu. Kila nyumba inalipa Sh419.40 kwa bei ya msingi, badala ya Sh244.40 ambazo ingelipa kama ingekuwa na mita yake. Tofauti ni Sh175 kwa mwezi, au Sh2,100 kwa mwaka, kabla ya kodi. Kumbuka kwamba mzee anayepokea pesa za Inua Jamii hupewa Sh2,000 kwa mwezi. Kwa hivyo mzee anayeishi kwenye ploti kama hiyo anarudisha zaidi ya malipo ya mwezi mzima kila mwaka, kwa sababu tu mita ni ya pamoja.

Ukiwa kwenye hali hii, una mambo matatu ya kufanya.

Kwanza, muulize mwenye ploti kwa upole kama anaweza kuruhusu mita za Kenya Power kwa kila nyumba. Mwonyeshe hesabu hii. Wengine hukataa kwa sababu hawajui, wala sio kwa ubaya. Na yeye anapunguza ugomvi wa "nani ametumia stima yote".

Pili, kama ploti ina mita ndogo za kibinafsi ambazo unanunulia tokeni kwa namba nyingine ya Paybill, fahamu kwamba hizo sio mita za Kenya Power, na bei unayolipa huenda ikawa na ada ya mwenye mfumo. Omba kuona SMS ya tokeni ya mita kubwa. Gawa Amt kwa Units. Kwa mfano wetu wa juu, 500 ukigawa kwa 17.9 ni karibu Sh28 kwa yuniti, kodi zote zikiwa ndani. Linganisha na unacholipa wewe. Kama tofauti ni kubwa, uliza inaenda wapi.

Tatu, unapotafuta nyumba ya kuhamia, usiulize kodi, maji na usalama tu. Uliza: "Mita ni ya kwangu peke yangu?" Nyumba ya Sh4,500 yenye mita yake inaweza kuwa rahisi kuliko ya Sh4,400 yenye mita ya pamoja.

Misaada mingine ya nishati unayopaswa kujua

Kuunganishiwa stima. Mradi wa Last Mile, ulioanza 2015, ulipunguza gharama ya kuunganishiwa kutoka Sh35,000 hadi Sh15,000 kwa nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka kwa transfoma, na wengi wakaruhusiwa kulipa polepole. Kama uko karibu na transfoma na bado huna stima, uliza ofisi ya Kenya Power ya eneo lako. Usimpe pesa mtu aliyekuja na ngazi na koti la kung'aa, hata akiwa na kitambulisho shingoni. Malipo hufanywa kwa namba rasmi na unapata risiti.

Sola. Katika kaunti 14 zilizoachwa nyuma kwa umeme, zikiwemo Turkana, Garissa, Wajir, Mandera, Marsabit, Samburu, Pokot Magharibi, Lamu, Tana River, Kwale na Kilifi, kumekuwa na mradi wa serikali uitwao KOSAP uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Lengo lake lilikuwa kufikisha sola kwa nyumba na taasisi zilizo mbali na nyaya za umeme. Sola nyingi za nyumbani siku hizi hulipiwa kidogo kidogo kwa simu. Kabla ya kukubali, zidisha malipo ya siku kwa idadi ya siku zote, ongeza malipo ya mwanzo, ndipo ujue bei kamili.

Gesi. Serikali ilirudisha VAT kwenye gesi ya kupikia Julai 2021 kwa asilimia 16, ikaipunguza hadi asilimia 8 Julai 2022, kisha ikaiondoa Julai 2023. Huo nao ni msaada, lakini bei ya rejareja ya gesi haitangazwi na EPRA kama ile ya petroli, hivyo muuzaji mmoja anaweza kutofautiana na mwingine mtaa ule ule. Linganisha bei, na upime mtungi. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Ukijaza wa kilo 6, uzito kwenye mizani uwe ule ulioandikwa ukiongeza 6.

Mafuta taa. Hapa mambo yamekwenda kinyume. Tangu 2018 mafuta taa yaliwekewa tozo ya Sh18 kwa lita ili kuzuia watu kuyachanganya na dizeli. Nia ilikuwa kulinda injini na mazingira, lakini mzigo ulimwangukia mama anayenunua ya shilingi 50 kwenye chupa. Ruzuku ya mafuta nayo iliondolewa hatua kwa hatua kuanzia Septemba 2022. Bei mpya hutangazwa na EPRA kila tarehe 14 ya mwezi. Kama bado unapikia mafuta taa, ile siku kabla ya kununua, angalia tangazo. Na kama nyumba yako iko chini ya yuniti 30, taa ya LED ni rahisi kuliko koroboi, bila moshi wala hatari ya moto.

Usiruhusu mkopo wa tokeni ule nafuu yako

Giza likiingia na mita imelia, mkopo wa tokeni ni rahisi sana. Lakini piga hesabu. Nyumba inayotumia yuniti 25 kwenye tarifa nafuu inaokoa karibu Sh102 kwa mwezi ikilinganishwa na kundi la pili. Ukikopa tokeni ya Sh500 mara mbili kwa mwezi, na ada ya mkopo iwe asilimia 10, umelipa Sh100. Karibu nafuu yote uliyopewa imerudi kwa mkopeshaji. Heri uweke Sh20 kila siku kwenye akiba ya simu. Mwisho wa mwezi una Sh600 za tokeni, na hukudaiwa na mtu.

Kulipa bila kupoteza

Kwa mita ya tokeni, Paybill ya Kenya Power ni 888880, na namba ya akaunti ni namba ya mita yako. Kwa bili ya kulipa baadaye, Paybill ni 888888, na namba ya akaunti ni ile iliyo kwenye bili. Kabla ya kuweka PIN, soma namba ya mita tarakimu moja baada ya nyingine. Hifadhi namba hiyo kwenye simu kwa jina kama "Mita nyumbani" ili usiwe ukiiandika kila mara. Angalia pia ada ya muamala, kwa sababu kununua tokeni ya Sh50 kila siku kunaweza kukugharimu zaidi kuliko ya Sh350 mara moja kwa wiki.

Tokeni ikichelewa, usilipe mara ya pili kwa haraka. Piga *977# uangalie tokeni zako za mwisho, au piga simu Kenya Power kwa 97771.

Na hili likumbuke vizuri: tarifa nafuu haiombwi. Haina usajili, haina wakala, haina ada. Ukipata SMS au simu inayosema "umechaguliwa kupata ruzuku ya stima ya serikali, tuma PIN" au "lipa shilingi 200 ya usajili", huyo ni mwizi. Hakuna mfanyakazi wetu, wa Kenya Power wala wa serikali, anayehitaji PIN yako. Usimjibu. Iripoti namba hiyo, kisha waonye wazazi na majirani, kwa sababu walaghai hupenda kupigia wazee waliosikia neno "Inua Jamii" redioni.

Ukiona umeonewa

Kama hesabu yako inaonyesha wastani wa miezi mitatu uko chini ya yuniti 30, na bado TknAmt ukigawa kwa Units inatoa 16 au zaidi, lalamika. Anza na Kenya Power. Wape namba ya mita na SMS za miezi hiyo mitatu, na uombe namba ya malalamiko. Wasipokusaidia, peleka suala hilo EPRA, ambayo kisheria hushughulikia malalamiko ya wateja wa nishati. Na bado kuna Mahakama Maalum ya Kawi na Petroli kwa mambo yanayoshindikana huko.

Watu wengi hawafiki hapo kwa sababu hawana ushahidi. Wewe unao, uko kwenye simu yako. Leo jioni, fungua SMS tatu za tokeni, chukua kikokotoo, na ugawe. Baada ya dakika tano utajua kama msaada wa serikali unafika kwenye mita yako au unaishia njiani. Ukishajua, mwonyeshe na jirani jinsi ya kuhesabu.